Mishono Ishirini na Nne ya Marehemu Abdulhadi

Mtu anayekuja kwenye msiba haji na sanduku tupu. Hilo ndilo lililomkwama Bimkubwa kooni siku shemeji yake Gharib alipowasili kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun. Sanduku lilikuwa kubwa, la magurudumu manne, na Gharib alilivusha kizingiti kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba kikapu cha mikate. Bimkubwa alikuwa amekaa nyuma ya pazia, eda yake ikiwa ndiyo kwanza wiki ya tatu, na kupitia upenyo wa pazia aliona kila kitu.

Kuona ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alizaliwa Mkwajuni, Unguja, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa na fundi cherehani, na miaka kumi na mmoja sasa alikuwa Guangzhou akifungua kila robota la mabuibui kabla halijafungwa kwa safari. Alivuta mishono kwa kucha. Aligeuza mikono nje ndani. Kule Kangle, kwenye vichochoro vya karakana za kushonea, wale mabosi waitwao laoban walimwogopa kuliko mumewe. Abdulhadi akiridhika na buibui, walikuwa wakimuuliza kwanza, "Na mama ameona?"

Na mumewe hakuwa fundi wa mchezo. Mabuibui ya huku hukatwa kwa mwanamke asiye na nyonga, na watu wa Unguja na Dar walikuwa wamechoka kununua nguo zinazobana wakikaa. Abdulhadi alijichorea mishono yake mwenyewe kwenye karatasi ngumu za kaki: mbele, nyuma, mikono, kola, kila mshono na fungu lake limefungwa kwa uzi. Mishono ishirini na nne, kazi ya miaka kumi na mmoja. Hakuruhusu hata mmoja ulale Kangle. Asubuhi alizichukua karatasi stoo, akapanda nazo metro amezikumbatia, akamsimamia mkataji mpaka kitambaa kikatike, na kabla ya magharibi zimesharudi.

"Karatasi ikilala kwa laoban," alikuwa akisema, "inazaa."

Basi aliyeshika karatasi zile ndiye aliyeshika biashara. Binti yao wa pekee, Swalha, alikuwa Unguja akisomea uuguzi, bado miaka miwili, na Bimkubwa hakujua kazi nyingine ya kumfikisha mwisho.

Abdulhadi naye alilijua hilo. Kitandani hospitali, kabla pumzi haijamwishia, aliandika kwa mkono wake kwamba karatasi zake zote za kukatia apewe mkewe, kwa kuwa ndiye aliyezilinda. Aliyetia saini ya ushahidi alikuwa Désiré, mfanyabiashara wa Lubumbashi waliyepanga naye stoo moja, ghorofa ya nne, nyuma ya majengo ya nguo ya Guangyuan Xilu. Hata hilo Bimkubwa alilitilia shaka. Watanzania wote hawa waliojaa mjini, kwa nini shahidi awe Désiré? Tangu mazishi, Désiré alikuwa akimletea pondu, kisamvu cha kwao, kila Jumapili kwenye bakuli lenye kifuniko, na kila Jumapili Bimkubwa alikaa akilitazama lile bakuli muda mrefu kabla ya kulifunua.

Wasia ulisomwa siku ya pili ya Gharib. Aliyeusoma alikuwa Maalim Tahir, mtu wa Tanga anayesafirisha vigae, lakini elimu ya mirathi anayo, na Gharib alikuwa amefikia kwake.

"Maneno mazuri," Maalim alisema baada ya kukunja karatasi. "Lakini mrithi haachiwi wasia, na mke ni mrithi. Wasia huu hausimami ila warithi wenzake waridhie. Wasiporidhia, mke ana thumuni yake, binti nusu, na kinachobaki ni cha ndugu wa marehemu. Swalha keshasema kwenye simu kuwa karidhia. Gharib, wewe je?"

Gharib alikuna kidevu. "Kwanza nizione. Mtu haridhii asichokiona."

Nyuma ya pazia Bimkubwa aliikunja kanga yake mkononi. Gharib alikuwa fundi wa mafriji Mwanakwerekwe. Karatasi za buibui za nini kwake? Hata kaburi la kaka yake alikuwa hajaliulizia, naye alitaka kuziona karatasi. Sasa lile sanduku likapata maana.

Walikubaliana kuwa Jumamosi wanaume watatu wangekwenda stoo kuandika kila alichokiacha marehemu. Ikawa Alhamisi asubuhi, Bimkubwa akajifunika gubigubi, akachukua ufunguo uliobaki kwenye mfuko wa suruali ya mumewe, ufunguo ambao hakuna aliyekumbuka kuuulizia. Mwanamke wa eda ana ruhusa ya kutoka mchana kwa dharura. Bimkubwa alijiambia kuwa hii ni dharura, na alijua kuwa anajiambia tu. Wachukuzi walikuwa wakivuta marobota njia nzima, hakuna aliyemtazama. Alipanda ngazi, akafungua, akabeba mafungu yote ishirini na nne kifuani, akafunga kufuli kama alivyoikuta. Kabla ya saa nne karatasi zilikuwa chini ya godoro lake.

Jumamosi wanaume walirudi mapema mno. Alisikia kwa namna mlango ulivyofungwa kuwa hawakurudi na salama.

"Funguo mnazo wangapi?" Gharib aliuliza hata kabla hajakaa.

"Watu wawili," alijibu Désiré. "Abdulhadi na miye."

"Abdulhadi kafa."

"Oui, ile najua. Njo miye nilimubeba pale hospitali."

"Basi umebaki wewe."

"Ufunguo yangu haikamate kitu, papa. Inafungua tu."

"Mkeo Albertine anauza nguo Lubumbashi, siyo?"

"Anauzaka. Lakini hapana buibui. Nani kule atavaa buibui kwa misa?"

Maalim Tahir alicheka, kisha akajizuia. Gharib hakucheka.

"Nguo ni nguo. Karatasi ile ukiifupisha chini inakuwa gauni. Mimi nasema hivi, bwana: kesho nazunguka kwa Watanzania wote wa mtaa huu. Asiwepo wa kupakia mzigo wake kontena moja na wewe. Hapo tutaona kama karatasi hazitaota miguu zikarudi."

Bimkubwa alingoja Désiré apandishe sauti. Mtu mwenye hila hupandisha sauti, huapa, hutaja mama yake. Kupitia upenyo Bimkubwa alimwona Désiré akitazama pazia mara moja tu, kisha akainamisha macho kwenye viatu vyake, vilivyokuwa vimepangwa vizuri mlangoni pamoja na vya wenzake.

Désiré alikuwa akipakia kontena moja na Watanzania tangu Bimkubwa hajafika mji huu. Peke yake hana mzigo wa kujaza kontena. Wakimtenga, atafunga virago arudi kwao, na atakuwa amefukuzwa kwa kitu kilichoko chini ya godoro la Bimkubwa. Na karatasi? Akinyamaza, zingekuwa zake zote, bila thumuni wala nusu.

Halafu akainua godoro.

Alipotoka nyuma ya pazia, amejifunika na mafungu yamemjaa mikononi, wanaume waliinuka wote kama walioingiliwa na nyoka.

"Zilikuwa kwangu," alisema. "Nilizitoa Alhamisi. Huyu hana habari."

"Kwako?" Gharib alisema. "Na muda wote huu unatusikiliza?"

"Nakusikiliza wewe, shemeji. Wenzako hawajasema kitu."

Maalim aliguna. "Bimkubwa, kuficha mali ya mirathi si jambo dogo."

"Najua, Maalim. Ziandike. Nimefanya kosa na nimezirudisha. Sasa muulize huyu kama karidhia na wasia wa kaka yake."

Gharib alizitazama karatasi kama mtu anayetazama chakula cha wengine. "Siridhii," alisema. "Nina watoto wanne. Na kama kuna watu wa kunificha vitu, siridhii zaidi." Kisha akalegeza sauti. "Mbona jambo lenyewe jepesi? Tukazitoe kopi. Kila mtu apate zote."

"Mimi na wewe tuuze buibui moja Darajani, duka kwa duka?" Bimkubwa alisema. "Tutauana, shemeji, na marehemu atusikie."

Maalim Tahir aliinua kidole. "Mirathi hugawanywa, haizidishwi. Na Mungu kaiweka idadi vizuri. Ishirini na nne: mke matatu, binti kumi na mawili, ndugu tisa. Mali ya Swalha mama yake atamchukulia, kwa vile kasema hivyo mwenyewe. Hamkati mshono wa mwenzenu, kwa kopi wala kwa picha. Tupige kura, au mnachagua?"

"Shemeji atangulie," Bimkubwa alisema. "Mgeni hutangulizwa."

Alitandika mkeka, akapanga mafungu yote ishirini na nne mstari kwa mstari. Mengine yalikuwa safi, kingo zimenyooka, karatasi bado ina rangi ya kaki ya dukani. Mengine yalikuwa yameingia weusi wa viganja na vumbi la chaki, pembe zimeliwa, yamebandikwa utepe wa gundi juu ya utepe. Gharib alichuchumaa. Fundi wa mafriji hachagui kifaa kilichochakaa. Aliinua fungu safi moja, akalipuliza, akaliweka kando. Akaenda hivyo hivyo mpaka yakatimia tisa, tisa yasiyo na doa.

Désiré alikohoa na kugeukia dirishani. Yeye alikuwa ameona miaka yote ile ni karatasi zipi zinazotoka stoo kila wiki, na zipi zilizolala kwa kukosa wateja.

Bimkubwa hakukohoa. Hakuwa amesema uongo. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya mafungu machafu kumi na mawili na masafi matatu yaliyobaki.

Gharib alipanga yake kwenye lile sanduku, alilokuwa amekwenda nalo stoo, akafunga zipu, kisha akasimama akilitazama lile rundo chakavu la mwenzake. Uso wake ulibadilika kidogo, kama wa mtu aliyesikia harufu asiyoijua inakotoka.

"Shemeji," alisema, "mbona ulifanya haraka kunitanguliza?"

"Wewe ni ndugu wa marehemu."

"Ehe. Lakini tangu nije hujanitanguliza kwa lolote. Hata chai unampa Maalim kwanza."

"Maalim ni mtu mzima," Bimkubwa alisema.

Waliaga. Désiré alibaki nyuma akivaa viatu, na vilimchukua muda.

"Mama Swalha," alisema kwa sauti ya chini. "Siku ile ya kane, Alhamisi yenu, nilikuonaka ku ngazi. Ulibeba zile makaratasi sawa vile mutoto."

"Uliniona? Na ukakubali uitwe mwizi?"

"Ilikuwa ya weye kusema, hapana ya miye."

Akatoka, akashuka kwa ngazi. Bimkubwa alibaki ameshika kitasa. Alitaka kumshukuru, na badala ya shukrani likamjia swali: mtu anayeweza kuona na kunyamaza namna hiyo, ameona mangapi mengine? Kesho angebadilisha kufuli ya stoo, ampe ufunguo mmoja, amwombe radhi siku hiyo hiyo.

Kisha akasikia kuwa lifti haijaja. Akaweka jicho kwenye tundu la mlango.

Kwenye ujia, chini ya taa, Maalim Tahir alikuwa akibonyeza kitufe kwa mara ya pili. Gharib alikuwa amechuchumaa, sanduku wazi mbele yake. Alikuwa amefungua uzi wa fungu la kwanza, ameinua kipande cha mkono wa buibui kwenye mwanga, anakigeuza mbele na nyuma, anakitafuta kasoro, nacho hakina hata alama ya chaki. Akachukua cha pili. Akachukua cha tatu. Lifti ikafika, milango ikafunguka, Maalim akaizuia kwa mguu na kumwita, naye hakuinuka. Aligeuza shingo taratibu akautazama mlango wa Bimkubwa, pale pale kwenye tundu, na Bimkubwa, upande wa pili, akazuia pumzi yake.