Aliyeuliza Simu Hii Ni ya Nani

Habari za kifo chake zilinifikia Jumatatu asubuhi, nikiwa bado sijamaliza chai. Aliyenipigia ni kaka yake mkubwa, mtu ambaye tulikuwa tukifahamiana kwa salamu za kupitishiwa tu. Aliniuliza kwa Kiarabu cha Juba kama mimi ndiye yule rafiki wa Kiswahili. Nikasema ndiyo. Akasema dada yake amefariki alfajiri hospitalini; homa ilimlaza kwa siku kadhaa, halafu figo zikakataa. "Kwenye simu yake hukuandikwa jina," akaniambia. "Umeandikwa 'Kiswahili' tu. Nikaona nikupigie." Nilimshukuru, nikaweka simu mezani, nikabaki nimekaa. Nilitaka kumpa mtu habari hiyo kwa lugha ambayo mimi na marehemu tuliizungumza, nikagundua kwamba mtu niliyezoea kumpa habari kwa lugha hiyo ndiye huyo aliyefariki.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba katika safu hii sitaji majina, na leo pia sitataja. Nitasema tu kwamba alikuwa daktari, kisha mtafiti, na kwamba ibada yake ya mazishi ilifanyika Kator, hapa Juba, siku ya joto kali. Kanisani niliona jambo ambalo sijalisahau hadi sasa. Msimamizi wa ibada aliomba mtu mmoja aliyefanya kazi na marehemu asimame aseme neno. Waliotoka hospitalini waliwatazama wale wa chuo kikuu. Wa chuo kikuu wakageuka kuwatazama vijana wa kompyuta kutoka ofisi za mtaa wa Thongpiny, waliokuwa wamekaa nyuma na fulana zao zinazofanana. Vijana wakatazamana wao kwa wao. Hapakuwa na chuki yoyote katika kutazamana kule. Kila kundi lilidhani kwa dhati kwamba marehemu alikuwa wa kundi jingine. Mwishowe kaka yake akasimama mwenyewe, akasema dada yake alikuwa daktari na aliwapenda watu, akaketi, na kwaya ikaanza kuimba.

Tulifahamiana kwa bahati, miaka michache nyuma, kwenye kibanda cha mama muuza chai huko huko Thongpiny. Nilikuwa nabishana kwa Kiswahili na dereva mmoja aliyekulia Uganda, anayesisitiza kwamba "mimi iko sawa, wewe tu ndiyo iko na haraka," nikasikia mwanamke nyuma yangu akicheka. Alikuwa mrefu, amevaa miwani, na begi la kompyuta limelazwa mapajani. "Wewe ni mtu wa wapi, unaongea kama redio?" akaniuliza. Nikamwambia nimesoma Kenya. "Ai! Kumbe tuko wengi," akasema, akavuta kiti chake cha plastiki karibu na changu. Alipelekwa Kenya akiwa mtoto mgongoni kwa mama yake, akasoma huko tangu chekechea hadi udaktari, akarudi Juba mtu mzima, katika mji ambao aliujua kwa hadithi za nyumbani. Siku ile tulizungumza mpaka chai ikapoa, tukaagiza nyingine. Hatukuwa na undugu wala kazi moja. Tulikuwa watu wawili wenye lugha ambayo wengine mjini huitumia kwa madereva na biashara za mpakani, na sisi tuliitumia kuwaza.

Aliniambia jinsi alivyoanza kuiacha wodi. Alikuwa akitibu watoto, na wale wale aliowaruhusu kwenda nyumbani wakiwa wazima walikuwa wakirudishwa na ugonjwa ule ule. Vitabu vyake vya udaktari vilimweleza ugonjwa vizuri sana, lakini havikumweleza nyumba. Akaanza kuwafuata akina mama majumbani, akikaa nao, akiuliza nani huamua mtoto apelekwe hospitali na nani hushika fedha za nauli. Wenzake wakamtania kwamba amekuwa mchungaji. Akarudi chuoni kusomea elimu ya jamii. Huko nako akaona kwamba kila nyumba anayoingia ina simu, hata nyumba isiyo na chakula, akajiuliza simu inaweza kufanya nini. Ndipo akaingia kwa watu wa teknolojia. Kwake haya hayakuwa mambo matatu. Lilikuwa swali moja analolifuata mlango hadi mlango: kwa nini mtu mwenye dawa mkononi haponi?

Nieleze sasa kisa cha Nesitu, kituo cha barabarani nje ya Juba, maana ndicho kilichobadilisha maisha yake. Pamoja na wenzake alikuwa ameanzisha mradi wa kuwakumbusha wagonjwa wa kifua kikuu kunywa dawa. Dawa hizo hunywewa kwa miezi mingi, na wengi huziacha wanapoanza kujisikia nafuu. Kwa hiyo kila asubuhi kompyuta iliwatumia wagonjwa ujumbe mfupi, kwa Kiarabu chepesi, ukitaja dawa na ugonjwa wenyewe. Mradi ulikwenda vizuri na wagonjwa wengi walimaliza dawa. Lakini mgonjwa mmoja, mama anayewapikia madereva wa malori pale Nesitu, aliacha kuja kliniki. Kwenye kompyuta jina lake lilikuwa na alama ya kijani, maana yake ujumbe umefika. Vijana wa teknolojia walisema upande wao hauna tatizo. Daktari hakuridhika. Aliniomba nimpeleke kwa gari langu bovu, kwa sababu hakutaka kufika na gari la mradi lenye maandishi mlangoni.

Tulimkuta yule mama amekaa mbele ya kibanda chake, sufuria za maharage zimefunikwa, moto umejaa majivu. Malori yalikuwa yamejipanga barabarani na madereva walikuwa wakila kwa jirani. Alimtambua daktari mara moja, wala hakuinuka. "Doktora, wewe umefika," akasema. "Mimi hapana na simu. Ile namba mimi nilipatia kliniki, ni namba ya jirani. Jirani amesoma. Amesomea watu. Sasa watu nasema chakula yangu iko na ugonjwa." Daktari akachuchumaa mbele yake, magoti karibu yaguse vumbi. "Mama, ni sisi tuliokosea," akamwambia. "Nisamehe. Dawa unakunywa bado?" Mama akatikisa kichwa. "Kliniki watu naniona. Mimi naogopa."

Daktari akainuka, akavuta benchi la mbele kabisa, lile linaloonekana kutoka barabarani, akaketi. "Nipatie chakula, mama. Na huyu kaka pia ana njaa." Sikuwa na njaa, lakini nilikaa. Mama alitutazama kwa muda, kisha akachochea moto, akapasha maharage na chapati. Tulikula taratibu mbele ya macho ya watu wote. Baadaye dereva mmoja aliyemfahamu daktari kutoka hospitalini akavuka barabara. "Doktora, wewe hapana ogopa?" Akamjibu kwa sauti ya kutosha kusikika hadi kwenye malori: "Ugonjwa huu hauambukizwi kwa sahani. Unapita kwa hewa, mtu akikohoa bila dawa. Akinywa dawa vizuri, baada ya muda si mrefu haambukizi tena. Mtu wa kuogopa ni yule anayejificha kwa sababu ya midomo yenu." Dereva akasimama hapo akiwaza. Kisha akaketi mwisho wa benchi akaomba chapati moja, akaitazama kwanza kabla ya kuimega.

Ningependa kuwaambia kwamba siku ile ilimaliza kila kitu, lakini haikumaliza. Yule mama alirudi kwenye dawa, na baada ya miezi akapona. Hilo ni jambo kubwa. Wateja walirudi wachache tu, na hatimaye akahamia njia nyingine ambako hajulikani. Tulipokuwa tunaondoka siku ile ya kwanza, alimshika daktari mkono akamwambia, bila hasira, "Chakula yangu umekula, asante. Lakini jina yangu, nani atarudisha?" Tulipofika mjini daktari akaniomba nisimame kando ya barabara, akashuka, akalia akiwa ameegemea mlango wa gari, kisha akarudi ndani akasema, "Twende, kaka."

Wiki iliyofuata watu wa mradi waliitana kikao, na daktari alinisimulia yaliyotokea. Aliwaomba wasimamishe ujumbe mpaka kila mgonjwa aulizwe upya simu anayoitumia ni ya nani. Daktari mwenzake akasema wagonjwa wanapona, na kusimamisha ni kuwaua wengine. Mtaalamu wa kompyuta akasema mtambo unafanya kazi ulivyoagizwa. Mtaalamu wa jamii akasema hatari hiyo aliiona tangu mwanzo, lakini kazi aliyopewa ilikuwa kuhoji watu mwishoni mwa mradi. "Kila mmoja wao alikuwa na ukweli wake," akaniambia. "Ndiyo shida yenyewe. Nilikuwa nimekaa na watu watatu wasiokosea, na mama wa watu amekosa kazi." Walikubaliana kuliangalia jambo hilo baadaye. Yeye akajiuzulu siku hiyo hiyo.

Kutoka hapo alifanya kazi peke yake, na upweke wake niliuona ukikua. Aliandika utafiti kuhusu kilichoharibika, kwa sababu aliamini kosa lisiloandikwa litarudiwa. Jarida la udaktari likamjibu kwamba makala yake ni ya mambo ya jamii. Jarida la jamii likasema imejaa teknolojia. La teknolojia likasema kisa cha mtu mmoja hakitoshi. Siku moja, tukiwa pale pale kwa mama wa chai, alicheka kicheko ambacho hakikuwa na furaha. "Hospitali wananiita mtu wa jamii. Chuoni wananiita daktari. Kwa wale wa kompyuta mimi ni mama wa malalamiko." Nikamuuliza, "Na nyumbani?" Akasema, "Nyumbani wananiita mtu wa Kenya." "Na Kenya je?" "Wewe nawe! Kenya nilikuwa mkimbizi." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Lakini nimezoea kusimama mlangoni, kaka. Ukisimama mlangoni unaona vyumba vyote. Ila upepo nao unakupiga wewe."

Makala ile haijachapishwa hadi leo. Lakini hakuisubiri. Alizunguka kliniki moja baada ya nyingine, bila barua ya mtu, akizungumza na wauguzi wakati wa mapumziko. Aliwasihi kwamba kabla ya kuandika namba ya mgonjwa wamuulize: simu hii ni ya nani, nani mwingine huisoma, na tukuandikie maneno gani ambayo hayatakuumiza. Wengine walimsikiliza kwa adabu tu, wengine wakashika. Mwaka huu nilipokwenda kupima shinikizo la damu, muuguzi kijana aliniuliza maswali hayo yote matatu kwa mpangilio ule ule. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema ndivyo inavyofanyika siku hizi. Jioni nilimpigia daktari kumsimulia. "Kwa hiyo hawajui ni mimi," akasema. Nikasema hawajui. "Sawa," akasema. "Sawa kabisa." Sijui kama alifurahi au aliumia, nadhani yote mawili.

Mji wetu una watafiti wengi. Mmoja huja kuchukua damu, mwingine kuuliza maswali, mwingine kuhesabu simu na kupima mtandao. Wote wanahitajika, na sitaki mtu anisome kana kwamba nawabeza. Yupo mtu wangu wa karibu aliye hai kwa sababu ya watu wa damu. Lakini mtu anayeketi mbele yao ni mmoja. Kifua kinachokohoa ni cha mama yule yule mwenye jirani mdaku na simu ya kuazima. Elimu yetu imegawanywa vyumba, na kugawanya kuna faida yake, kwa kuwa hakuna kichwa kinachobeba yote. Hasara huanza pale kila chumba kinapokuwa sahihi na hakuna anayetoka kwenda kumtazama mtu kwa ukamilifu wake, pamoja na nyumba yake na jina lake. Anayetoka tunamwona amepotea njia, na tunaacha kumwalika.

Tangu mazishi, mara kadhaa nimeshika simu kumweleza jambo, kisha nikaiweka chini. Kiswahili changu sasa nakizungumza na karatasi, na ninyi mnaonisoma kutoka mbali. Nimejifunza kitu kimoja, nami nakitoa kama nilivyokipata. Kuna watu ambao kazi yao ni kuunganisha yale ambayo sisi tumeyatenga, na kwa sababu hiyo hawana meza yao wenyewe popote. Usiwaulize wao ni wa idara gani. Waulize wameona nini, wasikilize mpaka mwisho, na uwaambie kwa mdomo wako kwamba kazi yao umeiona, wakiwa bado wanaweza kukujibu.