Ukuta Ambao Hatukuuhesabu

Ninyi mnaojenga sasa, mnaokuja kwangu na picha za kuta za jipsamu kwenye simu mkisema, "Bibi, tazama, fundi ametupigia hesabu," kaeni kwanza. Mimi darasa nililiacha mapema, lakini hesabu ya vyumba nilifundishwa, na aliyenifundisha namshukuru mpaka leo.

Nakumbuka mwaka ule maduka ya Tukuyu yalipoanza kujaa vitu, baada ya miaka ya kutafuta hata sabuni. Watu wakasema ni wakati wa ruksa, kila kitu sasa kinaruhusiwa. Nilikuwa nimeolewa hapa Kawetele, katika nyumba ya matofali yenye baridi. Mvua ya huku mnaijua, ukuta unalia kwa ndani. Baba mkwe wangu alikuwa akiishi kule Suma, anakohoa, paa lake linavuja. Mume wangu alitaka kumleta kwetu kabla baridi ya Juni haijamkuta. Basi fedha ya chai na ndizi tukaiweka, tuzifunike kuta kwa hadibodi, zile mbao nyembamba za kiwandani.

Fundi akaja na tepu. Akapima urefu wa kila ukuta na kimo chake, akatoa milango na madirisha, akaongeza kidogo kwa vipande vitakavyoharibika, kisha misumari na mbao za kupigilia. Sebule na vyumba viwili. Hesabu ikaenea kwenye fedha yetu kama mguu kwenye kiatu chake. Tulifurahi.

Mama mkwe akaja kutoka Suma kuona. Karatasi ya fundi hakuigusa. Alisimama sebuleni, akatazama mlango wa mbele, akatazama mlango wa jikoni.

"Baba yako atapita wapi?" akamwuliza mwanawe.

"Hapa hapa, mama. Mlangoni."

"Na mkeo akitoka jikoni?"

Mume wangu akageuka kuutazama mlango wa jikoni. Ninyi wanangu, siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu. Kwetu sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakuonana. Ukimsikia njiani, unaingia migombani mpaka apite. Mzee tulikuwa tumemwita mara nyingi, akajibu kwamba Kawetele ni mbali. Tulidhani ni ubishi wa uzee. Kumbe hakutaka mimi nisimame mvuani kwa ajili yake.

"Mama, sasa ni ruksa," mume wangu akasema, akijaribu kucheka.

"Ruksa hiyo kaitoa nani? Baba yako hajaitoa."

Fundi akapima upya: ukuta wa kuigawa sebule, na mlango wa pembeni wa mzee peke yake. Hesabu ikazidi fedha. Tukakiondoa chumba chetu sisi katika hesabu, kikabaki tofali tupu miaka mingi, tukajifunika mablanketi mawili mawili. Sijutii.

Wazee wakaja wote wawili kabla ya baridi. Jioni moja nakoroga uji, nikamsikia baba mkwe upande wa pili wa ubao. Hakusema nami. Alisema na ukuta.

"Wewe ukuta, mwambie mwenye uji kwamba kifua kimetulia. Ndaga fijo."

Asante hiyo hakuweza kunipa kwa njia nyingine. Nami nikaongeza maziwa. Mama mkwe akalipokea bakuli akicheka: "Haya, ukuta umesikia."

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Siwaambii mrudi kujificha migombani, hayo yamepita na wenyewe. Nawaambia kila nyumba ina mtu wake: mwenye goti bovu, mwenye mimba, mgonjwa anayeona haya. Anzeni na huyo, tepu ifuate. Kuuliza si ujinga, na swali haliuzwi dukani. Mungu awape kuta kavu, na awape wazee wa kuwashukuru wakiwa nyuma ya kuta hizo.

Na hapa nyumbani nimekwisha sema, sirudii: hakuna atakayenunua jipsamu hata moja kabla hajamwuliza atakayelala humo anataka kupita wapi.