Kumtafutia Binti Yangu Mwalimu wa Karate

Mie hasira zangu ziko karibu. Hata mwaka ule tuliotafuta mwalimu wa karate, ambao sasa naukumbuka kama usingizi wa mchana, wenye mwanga mwingi na sauti zinazotoka mbali, hasira yangu naiona wazi kuliko vitu vyote.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Siku moja akitoka shule, kijana wa bodaboda alimshika mkono pale kijiweni, akamwita mchumba, wenzake wakacheka. Hakumfanya zaidi ya hapo. Lakini mwanangu hakuuvuta mkono wake wala hakusema neno. Alisimama tu, mpaka mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga alipompigia kelele yule kijana, ndipo akamwachia.

Muuza mihogo ndiye aliyeniletea habari. Nilikwenda kijiweni, na niliyoyasema huko hayaandikiki. Kijana aliomba radhi mbele ya wenzake, macho chini. Niliporudi nyumbani nikamwuliza mwanangu kwa nini hakuuvuta mkono. Akafikiri kidogo, kama ninamwuliza habari ya mtu mwingine.

"Sijui, mama. Mkono haukuwa wangu."

Usiku huo sikupata usingizi. Mtoto anayesema hivyo nitamwachaje ende dukani peke yake, ende chuoni akasome Kurani, apande basi kesho na keshokutwa? Nikaamua atasoma karate, na hilo nikalitangaza kwenye chai ya asubuhi.

Mama yangu, tunayekaa naye, akaweka kikombe chini. "Mtoto wa kike arushe mateke? Nani atamwoa huyo?"

"Ana miaka kumi na mmoja, mama. Waoaji tuwaache kwanza."

Akamega mkate wake wa kumimina, akautafuna taratibu. Halafu akasema, "Basi arushe kajisitiri." Tukakubaliana suruali ndefu na mtandio.

Tulitafuta alasiri, baada ya sala, saa ambazo Tanga nzima huonekana imelala macho wazi. Baiskeli zilipita bila haraka. Mwanangu alikuwa akikaa upande wa nje wa bajaji, upepo ukimpiga usoni, haniulizi tunakwenda wapi.

Mwalimu wa kwanza alikuwa Raskazone, kwenye ukumbi wa nyumba mojawapo ya zile kubwa za zamani, kuta nene, sakafu baridi, na nje mti wa mkungu umeangusha majani mekundu mpaka mlangoni. Alivaa sare nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Alituonyesha picha zake ukutani moja baada ya moja. Kisha akapanga vigae vya paa, akavuta pumzi, akavipasua kwa mkono mmoja. Muda wote alizungumza na mie. Mwanangu alikuwa chini ya maneno yetu kama paka chini ya meza. "Niachie mie," alisema, "nitamfanya simba."

Tulipotoka mwanangu alitangulia mpaka barabarani. Halafu akaniuliza, "Mama, vile vigae vilimfanya nini?" Nikacheka mpaka dereva wa bajaji akageuka. Hatukurudi kwa mwalimu huyo.

Wa pili alifundishia darasani, huku Ngamiani, madawati yamesukumwa ukutani. Watoto walisimama mistari iliyonyooka, wakihesabu kwa Kijapani kwa sauti moja, na yeye akipita katikati na fimbo nyembamba. Aliyekunja goti vibaya alichapwa shavu la mguu, akanyoosha, akaendelea kuhesabu. Sitaficha, nilimpenda. Sisi tumekulia kwenye bakora, tukiona fimbo tunaona elimu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuuliza siku za mazoezi, nikahisi baibui langu linavutwa kwa nyuma. Mwanangu alikuwa amelikamata kwa mikono miwili na uso umempauka. Nikamwambia mwalimu tutarudi, na sote wawili tukajua haturudi.

Wa tatu alikuwa mwanamke. Mtu wa Pemba, kaolewa huku, anafundisha nyuma ya nyumba yake kwenye banda lililokuwa la gari, amelaza magodoro makuukuu na juu yake majamvi. Mkanda wake mweusi ulikuwa umechakaa ukaanza kurudi mweupe. Tulimkuta anagombana na jirani juu ya kuku aliyeingia mazoezini, na alikuwa anashinda. Nikasema moyoni, huyu tutaelewana.

Alipomaliza na jirani alikuja kwetu. Mwanangu akamwamkia shikamoo, mwalimu akaitikia, akamtazama yeye kwanza kabla yangu. Mie nikafanya kama tunavyofanya. Kwetu pwani mzazi akimkabidhi mtoto kwa mwalimu, ana maneno yake. Nikamsukuma mwanangu mbele kidogo, nikayasema kwa heshima zote:

"Mwalimu, huyo mtoto wako. Nyama yako, mifupa yangu."

Maana yake kila mtu anaijua: mchape upendavyo, mradi usimvunje. Ni adabu tu. Asiyeyasema anaonekana anamdekeza mtoto.

Yule mama akanitazama hivi. "Dada, mie nafundisha karate. Sina bucha."

Nikahisi damu inapanda mpaka masikioni. Sijazoea kurudishiwa maneno, tena maneno ya heshima. Lakini alikuwa ameshaniacha, kachuchumaa mbele ya mwanangu.

"Nnakuuliza weye. Nikushike mkono?"

Mwanangu akanitazama mie.

"Basi sikushiki. Kaa pale, utizame wenzio."

Akakaa. Siku ile alikaa, na safari iliyofuata alikaa, na iliyofuata tena. Kila jioni mwalimu alipita mbele yake akimwuliza lile lile, akikosa jibu anakwenda zake. Nyumbani mama yangu alipopata habari ya bucha alikasirika kuliko mie. "Kakurudishia amana? Hicho ni kiburi cha watu wa visiwani. Nyinyi wote niliwapeleka chuoni kwa maalimu kwa maneno hayo hayo, na mkawa watu."

Nilirudi bandani siku nyingine nimejiandaa kumwambia yule mama kwamba kukaa jamvini mwanangu anakujua bila kufundishwa. Nikakaa kwenye benchi karibu na mlango nisubiri amalize. Upepo wa bahari ulikuwa unaingia, watoto wanaanguka kwenye majamvi na kuinuka, mlio wake kama mtu anayekung'uta mikeka nyumba ya tatu. Macho yakawa mazito.

Na katika ule usingizi ambao si usingizi nikajiona mie, mdogo, mlangoni kwa maalimu wetu. Harufu ya wino na udi. Mama ananisukuma mgongoni, maneno yanasemwa juu ya kichwa changu. Nyama yako, mifupa yangu. Nilikuwa najibinya mkono polepole, natafuta nyama inakoishia na mfupa unakoanzia. Hii ya maalimu, hii ya mama. Nikatafuta tena. Yangu mie sikuiona.

Nilipofumbua macho mwalimu alikuwa anamwuliza mwanangu.

"Nikushike mkono?"

"Hapana."

Alilisema kwa sauti ndogo, lakini lilisikika. Kwetu mtoto hamjibu mwalimu hivyo. Yule mama akasema, "Haya," akaenda kwa mtoto mwingine, kana kwamba kaambiwa chumvi imetosha. Mwanangu alibaki amekaa, anaangaza huku na huku, anangoja adhabu. Haikuja. Kidogo kidogo mabega yakashuka. Siku ile niliondoka bila kusema lile nililokuja nalo.

Baada ya hapo alikataa tena mara kadhaa, nadhani kwa utamu wa kukataa tu. Halafu jioni moja ya mvua za vuli akasema ndiyo, wakaanza. Sikuona mateke. Nilichokiona ni mwalimu kumshika kifundo cha mkono, na yeye kuuzungusha mkono kuelekea kidole gumba cha aliyemshika, maana hapo ndipo mshiko ulipo na mlango. Wakarudia na kurudia huku maji yakichirizika kwenye bati. Nikawa naona fahari, nayaona mashetani yote ya vijiweni yanashindwa mbele ya kale kamkono. Nilishamchagua mwalimu, sikutafuta tena.

Baadaye ikaja harusi ya jamaa zetu kule Moa. Safari ni ndefu, gari la kukodi linangoja nje na dereva anapiga honi, mama yangu kashakaa kiti cha mbele na mkoba wake mapajani. Mwanangu yumo chumbani anatafuta kiatu. Nikamwita, akasema anakuja. Nikamwita tena. Honi ikalia. Nikaingia ndani kwa hasira zangu, nikamkamata mkono kama ninavyomkamata siku zote, nimkokote.

Mkono ukazunguka. Sikujua umetokaje, nilibaki nimeshika hewa.

"Mama, niache. Nakuja mwenyewe."

Hakupiga kelele, alisema tu. Na kabla sijajua ninafanya nini, mkono wangu ule ule ulikuwa umeshainuka juu kumpiga.

Hakukimbia. Alisimama tu mbele yangu, kiatu kimoja mguuni, macho kayafumba nusu, akilisubiri kofi. Namna ile ya kusimama sikuwa nimewahi kuiona kwa macho yangu, nilisimuliwa tu na muuza mihogo. Lakini niliitambua palepale, na nikajua amejifunzia wapi. Kijana wa bodaboda aliikuta tayari.

Honi ililia tena, nikaisikia kama inatoka mji mwingine. Niliushusha mkono. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake na baibui langu jipya na udi wangu wa harusi. Tukawa tunatazamana.

"Nimekuumiza?" nikamwuliza.

Akautazama mkono wake, akaugeuza, akaukunja na kuukunjua.

"Hapana. Wewe je, mama?"

Nikasema hapana. Halafu nikasema ndiyo.