Fumbo kati ya Tanga na Pemba

Mwajiri wangu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mtaa wa Usagara, Tanga mjini, mzee wa asili ya Omani, muuzaji wa vitambaa na mchele. Zamani, wakati wa msako wa walanguzi, askari waliingia nyumbani kwake wakaenda moja kwa moja mpaka uvunguni alikoficha maboksi ya sabuni. Akawekwa ndani. Hakujua nani aliwaelekeza, na kwa kuwa hakujua, alimshuku kila aliyewahi kukanyaga kwake.

Serikali ilipolegeza masharti ya biashara, akanunua kompyuta mbili. Mpya akaiweka dukani, kuukuu ya aina nyingine akaipeleka Pemba kwa karani wake, ziwe zinapelekeana ujumbe kwa waya wa simu. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka masomoni, akaniajiri nizihudumie.

"Kuna mtu anasoma maneno yangu," aliniambia asubuhi moja, baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Mzigo haujatoka bandarini, jirani mwenye duka kashajua, kashashusha bei. Nitengenezee kitu, ujumbe ukiwa njiani usisomeke."

Nikaanza. Sehemu ya kufumba maneno niliitenga na mengine yote, isitegemee kioo wala kibodi, ili ihamie mashine yoyote na programu yoyote iweze kuiazima. Yote ilienea kwenye diski moja. Ufunguo ulikuwa neno refu ambalo mzee na karani walipatana ana kwa ana. Mimi sikuambiwa, na nilitaka iwe hivyo.

Ujumbe wa kwanza ulifika Pemba, karani akaufungua, akakuta vurugu tupu.

"Kauchezea," mzee alisema. "Huyo simtaki tena."

Nikampigia karani simu.

"Dada, neno nimeliandika lile lile, herufi kwa herufi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

Nilimwomba anisomee tarakimu alizoziona, nikaziweka kando ya zangu. Kosa likajitokeza: mashine ya dukani ilipanga nambari kubwa kuanzia mkiani, yake kuanzia kichwani. Nikaiandika upya sehemu ile ili ipange nambari yenyewe, bila kufuata desturi ya mashine. Ujumbe uliofuata ukafunguka safi. Karani akabaki kazini, ila hakuombwa radhi.

Bei ya jirani ikaendelea kushuka mapema. Mimi nilidhani jirani aliwauliza tu wachukuzi wa bandarini, lakini mzee hakutaka kusikia hayo.

"Wewe unaweza kuzisoma barua zetu?" akaniuliza.

"Siwezi, mzee. Bila neno lenu hata mimi siwezi."

"Fundi ashindwe kufungua kitasa chake?"

"Nimekitengeneza hivyo makusudi."

Akarudi kwa wateja wake. Kesho yake akanitaka niweke mlango wa siri ndani ya programu, apate kusoma watakayoandikiana makarani wa Pemba na wa tawi jipya la Pangani. Nikamwambia mlango ukiwapo, yeyote atakayeugundua ataingia.

"Kumbe wako upo tayari," alisema taratibu.

Tangu siku hiyo nikiandika alikaa pembeni yangu, akitazama mistari asiyoielewa. Mkoba wangu ukawa unapekuliwa nikitoka. Mwezi ulipoisha akaniambia kazi imekwisha, na diski zote zikabaki kwake. Nyumbani kwangu, mtaa wa Mabawa, niliiandika upya programu ile kutoka kichwani, na nikajikuta nateremsha pazia kila nikikaa kuandika, ingawa majirani hawakuwa na habari na kazi ile.

Miezi ikapita, mzee akaniita. Alikuwa amefumba nakala za barua zake zote kwa neno alilolibuni peke yake, na neno lenyewe limemtoka akilini.

"Nifungulie, mwanangu."

"Siwezi, mzee. Nilikwambia."

"Nimekuita kwa wema."

Tukakaa. Akaagiza kahawa, akawa anajaribu neno moja baada ya jingine, mkono wa kushoto ukifunika kibodi nisione. Niligeuza uso upande wa dirishani ili awe huru. Mara mbili nilimsikia akinong'ona jina la marehemu mkewe. Hakuna lililofungua.

Akanisindikiza hadi mlangoni. Akasema anaelewa, nimekataa kwa sababu alinifukuza, na hanilaumu. Nikaanza kumweleza tena tangu mwanzo. Akanishika bega kwa upole, akaniambia niwasalimie nyumbani.