Nafasi Niliyoiacha Tupu

Naikumbuka siku moja, mwanangu; wewe unayeandika programu za zahanati, nisikilize kabla hujaendelea. Nilikuwa karani wa zahanati ndogo kusini mwa mto Pangani. Sikuwa kijana wa umri, ila kwenye kompyuta nilikuwa mtoto, na nilijidai kama mtoto.

Bi Mwanaidi, jirani yangu, aliletwa na binti yake akiwa na kiu isiyokatika. Muuguzi akampima sukari. Mashine haikutoa namba. Ilionyesha tu kwamba sukari imepita mwisho wa kipimo chake. Muuguzi akasema apelekwe hospitali ng'ambo ya mto mara moja, nami nitangulize taarifa.

Taarifa zilikwenda hospitali kwa kompyuta, kama faili la maandishi: jina la kipimo, kisha namba. Nikaandika "imezidi kipimo", kompyuta ikakataa. Ilitaka namba au nafasi tupu. Nikaacha tupu, faili likapita, nikafurahi.

"Niandikie na kikaratasi," alisema Bi Mwanaidi.

"Cha nini, dada? Habari zako zitafika kabla yako."

"Haya, bwana kompyuta."

Alipokwisha kuondoka ndipo nilipojiuliza: kule watasoma nini? Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapanda bodaboda hadi Bweni, panapovukiwa mto. Kivuko kilikuwa upande wa pili. Nikasimama nikiutazama mji ule pale mbele, na kila aliyeshikiliwa mkono kule ng'ambo nilidhani ni yeye.

Nilipovuka nilimkuta kwenye benchi la hospitali, mwisho wa foleni, kichwa kimeangukia bega la binti yake. Hakunitambua.

"Mzee, faili linaonyesha hakupimwa," nesi wa pale aliniambia. "Ningejuaje?"

Nikamwambia sukari yake imepita mwisho wa kipimo. Wakamkimbiza ndani. Siku tatu hakufumbua macho. Alipona, alhamdulillahi. Lakini mpaka leo akienda kutibiwa, hata mafua, hushika kikaratasi mkononi. Hanisemi. Nikikiona nainamisha uso.

Mwanangu, kipimo kilichozidiwa si sawa na kipimo ambacho hakikufanyika. Faili likikataa, usilidanganye ili lipite. Weka mahali pa maneno kando ya namba, useme kilichotokea. Ukishindwa, inuka ukaseme kwa mdomo, mapema kuliko mimi. Hofu ya pale kivukoni haijanitoka.

Mungu akujaalie mkono mkweli, na asiwepo mgonjwa atakayeachwa kwenye benchi kwa nafasi uliyoiacha tupu.