Nilivyojiita Mwizi wa Ng'ombe kwa Ajili ya Kitabu cha Watoto

Jamani, mimi ni mjinga, nalisema mapema msijisumbue kunitafutia jina jingine. Mtu mzima, nina duka la vifaa vya shule Kalangalala, halafu nakusanya vitabu vya kale vya watoto, vile vya picha, vya maisha ya wamisionari enzi za mkoloni (mzungu kavuka matope siku tatu na suruali bado nyeupe pee, nyuma yake wapagazi arobaini wenye sura moja). Nakusanya ili nivicheke. Kilibaki kimoja seti itimie, nikasikia kiko Tinde kwa Mama Kulwa, mjane wa mwinjilisti, nikafunga safari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeokoka?"

Ningesema hapana, yangeishia hapo. Nikasema ndiyo (mdomo huu!), akapiga vigelegele, akaniambia kitabu nitakabidhiwa Jumapili mbele ya kanisa, nikishatoa ushuhuda.

Jumapili nikasimama. Ushuhuda gani, mtu ambaye dhambi yake kubwa ni kulala mchana? Nikaanza na pombe, wakapiga makofi kidogo, nikaongeza bangi, "Ameni" ikapanda, na mimi nikinogewa sina breki, nikasema, "Na ng'ombe nimeiba, hapa hapa Tinde!"

Kuwaambia Wasukuma umeiba ng'ombe! Mwenye akili angechagua dhambi nyingine yoyote. Mzee mmoja akainuka kwenye kwaya, kumbe ndiye mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji.

"Bebe, wewe, wangapi? Rangi gani? Mimi nilipoteza wawili, mmoja mweusi hana pembe."

Wengine wanne wakasimama kudai ng'ombe wao, mlango ukafungwa, mchungaji akawa anatazama dari.

"Sijaiba!" nikalia. "Wala sijaokoka! Nilitaka kitabu tu!"

Mzee akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Huyu? Huyu hata mbuzi hamuwezi," akasema, akaketi. Kanisa zima likacheka, watoto ndio waliozidi.

Mama Kulwa akanifuata nje na kitabu mkononi. Afadhali angenitukana.

"Baba, ungeniomba tu siku ile ile. Nakifunikia ndoo ya maji."

Akarudi nacho kwake. Seti yangu ina pengo hadi leo, na nimeapa nikitaka kitu cha mtu nitakiomba kavukavu, hata kama kukitaka kwenyewe ni aibu.