Herufi za Mama Editha

Rangi ya mafuta ikichanganywa na thina hutoa harufu inayokata koo, na nyumba yetu ya Kasulu ilinuka hivyo kiangazi chote cha 2013, nilipokuwa na miaka kumi. Mama yangu alikuwa mwandishi wa vibao. Baba alilima mihogo na maharage, lakini sare zangu za shule zilitoka kwenye brashi ya mama. Watu walimwita Mama Editha kwa jina langu, na maandishi yake waliyaita herufi za Mama Editha: nene, zilizobanana, zimeinamia mbele kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Alizibana kwa sababu mbao zilikuwa fupi na majina ya maduka marefu. Alizinenepesha ili vumbi la barabarani lisizimeze. Alizilaza kwa ajili ya malori ya Manyovu, maana neno lililolala husomeka hata gari likiwa mwendoni. Niliwahi kuandika daftari langu la shule kwa mtindo ule, akanikataza. Alisema herufi hizo ni za kupaza sauti, na mtu hapazi sauti kutwa nzima.

Mwandishi mwingine wa vibao mjini alikuwa Gervasi, mtu wa makamo ambaye herufi zake zilikuwa za duara na za polepole. Wateja walimhama mmoja mmoja. Alipokutana na mama sokoni hakuitikia hata "mwakeye", salamu ambayo Muha humpa hata asiyemjua. Nasi tulikuwa na doa letu: babu na bibi walitoka Burundi, na ingawa mama alikuwa na karatasi zake za uraia, mwaka ule wa msako wa wahamiaji haramu karatasi ziliulizwa hata kisimani. Wahenga wamesema akufukuzaye hakwambii toka. Wa kwetu walituambia wazi.

Asubuhi moja balozi wa nyumba kumi alikuja na Mzee Shabani, mwenye duka la nafaka, wakamtaka mama afuatane nao. Nilishika kanga yake nikaenda naye. Kwenye ukuta wa duka, kwa rangi nyeusi, kulikuwa kumeandikwa SHABANI ANAPUNJA. Herufi zilikuwa nene, zimebanana, zimelala. Watu walikwisha kujaa.

"Mkono wako tunaujua wote," alisema Mzee Shabani. "Nimekukosea nini?"

Kabla mama hajajibu, Mama Jeni, msusi ambaye tulichota maji naye kila siku, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya nyanya: "Mrundi ni Mrundi. Arudi kwao."

Hakuna aliyemkanya. Nilitazama nyuso zile moja moja, na nyingine nilikuwa nimekula kwao. Mama alisogea ukutani, akapitisha kidole juu ya maandishi, akachukua muda mrefu mno. Kisha akamwomba balozi atazame mguu wa kila A. Zote tano zilikuwa na pengo dogo mahali pamoja. Akasema twende kwenye mashine ya kusaga.

Tulikwenda kundi zima. Pale mlangoni kilining'inia kibao alichokiandika mama: MASHINE YA KUSAGA NA KUKOBOA. Kwenye A ya neno YA, mguuni, kulikuwa na kichwa cha msumari, na rangi ilikuwa imeuzunguka.

"Mimi msumari niliukwepa," mama alisema. "Aliyeniiga ameuandika."

Akaonyesha pia kwamba P na J, ambazo hazimo kwenye kibao kile, zilisimama wima ukutani kwa sababu mwigaji hakuwa na pa kuzinakilia. Balozi akamuuliza mwenye mashine ni nani aliyewahi kukishusha kibao. Yule akasema Gervasi alikiazima wiki iliyopita, kwamba anataka kupima ukubwa. Gervasi alipoitwa hakukana. Aliamriwa apake ukuta chokaa, basi. Balozi akasema yaishe. Mzee Shabani alituma kilo mbili za sukari badala ya kuomba radhi, na mama akairudisha.

Lakini mwezi haukuisha, Mama Jeni akaja kutaka kibao cha saluni yake, na mama akamwandikia, tena vizuri. Siku ile nilimchukia mama kuliko nilivyomchukia Gervasi. Nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Nikiwakataa wote walionyamaza, nitamwandikia nani?"

Leo nina duka la kuchapa mabango Kibondo. Herufi nene zilizolala zimo ndani ya kompyuta, namna kwa namna, na mteja anachagua kwa kidole. Mkono wa mtu haumo. Najua kwamba kwa herufi hizi hakuna ambaye angemburuta mama yangu barabarani, na najua pia kwamba asingekuwa na njia ya kujitetea. Baadhi ya watu wa asubuhi ile hupita huku kwa biashara. Nawachapia mabango yao, herufi zimenyooka, rangi haichuji. Wakiniuliza habari za mama nawaambia hajambo. Kiti siwapi.